Haki ya Kughairi



Katika vijitabu hivi tumezoea kuandika juu ya mambo ambayo kila mtu huyatambua mara moja kuwa ni mambo ya haki: ujira wa wafanyakazi wa usafi na wa kutunza wazee, kodi za nyumba, vibali vya ukaazi. Safari hii tunaandika juu ya televisheni. Wako watakaoshangaa kwamba Tume ya Haki na Amani imeingia sebuleni mwa watu kuhesabu chaneli zao. Tunawaomba watuvumilie. Miongoni mwa ndugu zetu wanaosema Kiswahili hapa Uingereza, wako waliojikuta katika deni ambalo hawakulikopa. Walitamka neno moja katika simu, basi.

Mambo huenda hivi. Mkataba wa televisheni ya kulipia, uliofungwa kwa mwaka mmoja na nusu au miwili, unafikia mwisho. Punguzo la bei alilopewa mteja linakwisha pamoja nao, na ankara ya mwezi inapanda. Mteja anapiga simu kulalamika, au kampuni inatangulia kumpigia. Anayezungumza naye ni mtu mpole, mwenye sauti ya kirafiki, amwitaye kwa jina. Anamwambia kwamba ipo nafuu: kifurushi kile kile, pamoja na chaneli za mpira au za sinema, kwa bei iliyo chini ya ankara mpya. Sharti la kufungwa tena kwa miezi 24 husemwa pia, lakini husemwa kwa haraka, katikati ya maneno mengine mengi, kama padri aliyechelewa anavyosoma matangazo ya ndoa. Kisha linakuja swali: je, uko radhi tuendelee? Mteja anajibu, "Sawa." Siku chache baadaye inafika barua au baruapepe, na ndani yake mna mkataba mpya.

Tunapenda kukaa kidogo juu ya neno hilo "sawa", kwa sababu hapo ndipo penye kiini cha jambo. Katika malezi yetu, mtu anapozungumza nawe kwa adabu humkatizi. Unamwitikia: sawa, haya, naam, ehe. Maana ya maneno hayo ni kwamba unamsikia, aendelee. Si kwamba umekubali kumlipa. Tena anayetaka kukataa hamtupii mwenzake neno "hapana" usoni. Husema "tutaona", au "Mungu akipenda", au "ngoja nishauriane na mzee nyumbani", na msikilizaji aliyelelewa huelewa kwamba amekataliwa, akaaga kwa heshima. Muuzaji wa simu hakulelewa katika mila hiyo, wala hilo si kosa lake. Yeye anangoja itikio, na mazungumzo yanarekodiwa. "Okei" iliyotamkwa mara saba kwa ajili ya adabu tu, ikisikilizwa baadaye katika rekodi, husikika kama ridhaa iliyotolewa mara saba.

Wala sheria za nchi hii hazidai kwamba kila mkataba uandikwe na kutiwa sahihi. Makubaliano ya mdomo hufunga. Mtu aliyetoka zamu ya usiku katika hospitali, akaamshwa saa tano ya mchana na simu, anaweza kujifunga miaka miwili kabla hajanawa uso. Na liko jambo linalotusikitisha zaidi: katika nyumba ambazo wazazi hawajakimudu Kiingereza, mara nyingi ni mtoto wa miaka kumi au kumi na miwili anayeshika simu na kutafsiri. Mtoto huyo, ambaye kisheria hawezi kufungwa na mkataba kama huo, ndiye anayebeba mkataba wa baba yake kutoka lugha moja kwenda nyingine, akiacha njiani yale asiyoyaelewa.

Tumejiuliza kwa nini watu werevu, waliozoea biashara tangu nyumbani, wanategwa na jambo hili. Jibu moja tunaloliona linatokana na desturi tuliyokuja nayo. Tanzania na Kenya mtu hulipia king'amuzi kabla ya kutazama, kwa kawaida kwa simu ya mkononi, mwezi kwa mwezi. Fedha ikikosekana, picha zinakatika, ikipatikana, zinarudi. Hakuna anayemdai mwenzake. Kutolipa, kwa desturi hiyo, ndiko kujitoa kwenyewe. Basi ndugu yetu akifika hapa, na kifurushi kikimshinda, anafanya alichozoea: anakwenda benki, au anafungua simu yake, na kusimamisha makato ya kila mwezi. Anadhani amemaliza. Kumbe mkataba ungali hai, na kila mwezi unaopita unaongeza deni. Zinafuata barua, kisha kampuni za kukusanya madeni, na mwishowe alama mbaya katika kumbukumbu zake za mikopo, ambayo hukaa humo miaka 6. Kumbukumbu hizo ndizo anazozitazama mwenye nyumba kabla ya kupangisha, na benki kabla ya kukopesha. Hivyo chaneli za mpira zinaweza kumnyima mtu chumba cha kulala watoto wake. Ndiyo maana Tume imeingia sebuleni.

Sheria yenyewe, tunashukuru kusema, inaujua udhaifu wa mapatano ya mbali. Mwaka 1997 Jumuiya ya Ulaya ilitoa agizo juu ya mikataba inayofungwa bila muuzaji na mnunuzi kuonana, na Uingereza ikalitekeleza kwa kanuni za mwaka 2000, zilizompa mnunuzi siku 7 za kazi za kufikiri upya. Baada ya agizo jipya la mwaka 2011, zilitungwa kanuni za mwaka 2013 kuhusu mikataba ya walaji, zilizoanza kutumika tarehe 13 Juni 2014, nazo zikabaki hata baada ya Uingereza kujitoa katika Umoja wa Ulaya mwaka 2020. Kwa kanuni hizo, aliyefunga mkataba wa huduma kwa simu ana siku 14 za kughairi, zikihesabiwa tangu siku inayofuata ile ya kufunga mkataba. Hatakiwi kutoa sababu. Anayenunua dukani hana haki hiyo kisheria, kwa kuwa yeye ameona kitu, amekishika, na ameweza kusoma karatasi kabla ya kufungua mkoba. Wa simu hakuona chochote, alisikia tu.

Kanuni zinamdai muuzaji pia. Akipiga simu kwa nia ya kuuza, lazima mwanzoni kabisa ajitaje na aseme kwamba amekuja kufanya biashara. Kabla mteja hajafungwa, lazima ameelezwa bei yote, muda wa mkataba, na kwamba anayo haki ya kughairi na namna ya kuitumia. Baadaye lazima apelekewe uthibitisho katika namna inayoweza kuhifadhiwa, kama barua au baruapepe. Kampuni isipomwambia mteja kwamba ana haki ya kughairi, zile siku 14 hazianzi kuhesabiwa mpaka atakapoambiwa, na muda huo unaweza kurefuka kwa miezi 12 zaidi. Wasomaji walishike neno hilo. Wako waliojinyamazia wakidhani wamechelewa, na kumbe huenda saa yao haijaanza kuhesabiwa.

Hapa ndipo penye ubishi, nasi hatutaki kuuficha. Mteja mpya anayefungiwa king'amuzi kwa mara ya kwanza hana wa kumbishia; siku zake 14 ni zake. Lakini aliyekuwa mteja miaka minne, akahuisha kwa simu, anaweza kuambiwa hivi: "Wewe hukununua kitu kipya. Umeendelea na kile kile, tumekubadilishia bei tu." Je, kuhuisha ni mkataba mpya, au ni marekebisho ya ule wa zamani? Mwaka 2020 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua shauri la benki moja ya Ujerumani, ambamo wakopaji walikuwa wameafikiana na benki kwa mbali juu ya kiwango kipya cha riba. Mahakama ilisema kwamba mapatano hayo, yaliyogusa riba peke yake, bila kurefusha muda wa mkopo wala kubadili kiasi chake, na ambayo mkataba wa awali wenyewe uliyatazamia, hayakuwa mkataba mpya wa mbali.

Wenye makampuni wakiitaja hukumu hiyo, sisi tunawaomba waisome mpaka mwisho. Ilihusu huduma za fedha, tena ilisimama juu ya sharti kwamba muda haukurefushwa. Kinyume chake, mteja wa televisheni ambaye mkataba wake umekwisha, ambaye jana alikuwa huru kuondoka kwa notisi ya mwezi mmoja au hivyo, na ambaye leo kwa simu amefungwa miezi 24 kwa bei nyingine na kwa kifurushi kingine, amepoteza uhuru aliokuwa nao. Tunavyosoma sisi, huo ni mkataba mpya uliofungwa kwa mbali, na haki ya siku 14 inamhusu. Ikiwa kilichobadilika ni punguzo dogo tu, na muda umebaki ule ule, hapo tunakiri kwamba hoja ya kampuni ina uzito. Kwa hiyo swali la kwanza la kumwuliza mtu anayekuja na malalamiko lisiwe bei; liwe tarehe ambayo mkataba wake ungekwisha kabla ya simu ile, na tarehe utakayokwisha sasa.

Kuna namna nyingine ya kuhuisha, ile inayojifanya yenyewe bila mtu kupiga simu. Juu ya hiyo Bunge la Uingereza lilipitisha mwaka 2024 sheria ya masoko ya kidijitali, ushindani na walaji, inayotamka kwamba mkataba wa kujiunga ukijihuisha wenyewe kwa miezi 12 au zaidi, au ukigeuka wa kulipia baada ya majaribio ya bure, mteja atakuwa tena na siku 14 za kughairi. Kuanza kutumika kwa sehemu hiyo kuliachwa kwa baadaye. Ofcom nayo, ambayo ni mamlaka inayosimamia mawasiliano, tangu Februari 2020 inazitaka kampuni zimtaarifu mteja kati ya siku 10 na 40 kabla mkataba haujafika mwisho, na tangu tarehe 17 Januari 2025 imekataza mikataba mipya kupandisha bei katikati ya muda kwa kufuata mfumuko wa bei usiojulikana. Ongezeko lolote litajwe tangu mwanzo kwa pauni na senti. Taarifa hiyo ya kabla ya mwisho ni karatasi ya thamani. Watu wengi huitupa pamoja na matangazo ya piza.

Sasa aliyeghairi afanye nini? Aandike. Kisheria anaweza kughairi hata kwa simu, mradi aseme waziwazi, lakini ikitokea shauri ni juu yake kuthibitisha kwamba alighairi, na haifai kujibu tatizo lililoletwa na simu kwa simu nyingine. Baruapepe ya mistari mitatu inatosha: jina na namba ya mteja, tarehe ya mazungumzo, na maneno kwamba anaghairi mkataba uliofungwa siku ile. Ikipelekwa kabla siku 14 hazijaisha, inafaa hata kama itasomwa baadaye. Abaki na nakala. Aseme pia anataka lipi kati ya mawili, kwa maana hapa wengi hukosea: kufuta ule uhuishaji na kubaki mteja bila kufungwa, ambapo pengine atalipa ile bei kubwa ya awali, au kuondoka kabisa, ambako huenda kukadai notisi na kurudisha king'amuzi. Kama aliomba huduma iendelee ndani ya siku hizo, atalipia siku alizotazama, si zaidi. Na alicholipa kupita hapo arudishiwe ndani ya siku 14. Makato ya benki asiyasimamishe kwanza. Ayasimamishe mwisho, akiisha kupata jibu la maandishi. Na leseni ya televisheni ni jambo jingine kabisa. Hiyo inadaiwa na sheria kwa anayetazama matangazo ya moja kwa moja au anayetumia huduma ya BBC ya intaneti, na kughairi mkataba wa kampuni hakumwondolei mtu wajibu huo.

Wako watakaosema kwamba tunawafundisha waamini kuvunja ahadi. Mkristo, watasema, neno lake likitoka limetoka. Lawama hiyo tunaiheshimu, maana kweli wako wanaofunga mkataba wakikusudia tangu mwanzo kutazama fainali na kughairi Jumatatu, na hao hatuwatetei. Lakini Kanisa halikufundisha kamwe kwamba ridhaa ya mdomo peke yake hufanya mapatano yawe ya haki. Papa Leo XIII, katika waraka wa Rerum Novarum wa mwaka 1891, alizungumza juu ya mfanyakazi anayekubali ujira mdogo kwa kubanwa na shida au kwa kuogopa lililo baya zaidi, na akafundisha kwamba kukubali kwake hakuondoi dhuluma iliyomo. Mwaka 1967 Papa Paulo VI, katika Populorum Progressio, alilipeleka fundisho hilo hilo kwenye biashara kati ya mataifa: pale ambapo pande mbili hazina nguvu sawa, kuafikiana kwao hakutoshi kuwa kipimo cha haki. Mwaka huo huo ndio aliounda Tume ya Kipapa ya Haki na Amani, ambayo tume kama hii yetu zimefuata nyayo zake. Na kabla ya mapapa wote, nabii Amosi aliwakemea wafanya biashara wa Israeli waliopunguza kipimo cha nafaka na kuongeza uzito wa jiwe la mizani. Siku hizi kinachopunguzwa ni muda wa kufikiri.

Tena tuseme neno juu ya yule aliye upande wa pili wa simu. Ni rahisi kumkasirikia. Naye ni mtu wa mshahara, pengine kijana wa hapa hapa, pengine yuko India au Afrika Kusini, anapimwa kwa dakika anazotumia na kwa idadi ya wateja aliowazuia wasiondoke. Ziko parokia ambamo anayelia kwa ajili ya mkataba na anayeishi kwa kuuza mikataba wanakaa benchi moja siku ya Jumapili. Matusi yanayomfikia kijana huyo hayamfikii aliyepanga hesabu zake. Kama mna hasira, iandikeni na kuipeleka kwa uongozi wa kampuni, pamoja na ombi la kupewa rekodi ya mazungumzo yenu. Sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi inawapa haki ya kuiomba.

Kwa upande wa watunga sheria, tuna ombi moja, nalo si geni. Lile agizo la Ulaya la mwaka 2011 liliziachia nchi hiari ya kuamua kwamba mkataba wa simu usimfunge mlaji mpaka awe ametia sahihi au amepeleka ridhaa yake kwa maandishi. Uingereza haikuitumia hiari hiyo. Ujerumani, tangu Desemba 2021, imeweka masharti ya namna hiyo kwa mikataba ya simu na intaneti: mteja anapewa muhtasari wa maandishi, na akishaupata, mpaka auridhie kwa maandishi ndipo afungwe. Bibi aliyefikiwa na muhtasari huo anaweza kungoja mjukuu arudi chuoni, au kuuleta kanisani ukasomwa taratibu. Siku 14 za kughairi zinamsaidia anayejua kwamba zipo, na anayeweza kuandika. Ridhaa ya maandishi ingemlinda hata asiyejua. Tunaona aibu kidogo kwamba jambo dogo namna hii linahitaji kuombwa na Tume ya Kanisa, lakini tumeandika kwa mbunge wa eneo letu, na tunawasihi wasomaji waandike kwa wabunge wao, kila mmoja kwa maneno yake mwenyewe, maana barua zilizonakiliwa hazisomwi.

Ushauri wa bure juu ya haki za walaji unapatikana kwa shirika la Citizens Advice, ambalo limekuwa likihudumia watu wa nchi hii tangu Septemba 1939, vita kuu ya pili ilipoanza, na ambalo halimwulizi mtu dini yake. Kwa wasiokimudu Kiingereza, wajumbe wawili wa Tume watakuwa katika ukumbi wa parokia kila Jumapili ya pili ya mwezi baada ya Misa ya Kiswahili kusaidia kuandika barua. Njooni na uthibitisho wa mkataba, ankara ya mwisho ya kabla ya simu ile, na siku yenyewe mliyozungumza. Ambaye amepigiwa simu ndani ya juma hili au lililopita asingoje Jumapili. Atuone katikati ya juma, ofisini kwa paroko, jioni yoyote.